Vitumbua Viwili vya Barafu

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Agosti 2018, wanafalaki wa Senegal, Ufaransa na Marekani walikuwa wametawanyika mashambani nchini Senegal, kila kundi na darubini yake, wote wakiikodolea macho nyota moja. Nyota yenyewe haikuwa na umaarufu wowote. Haina jina ambalo mzazi angempa mtoto, wala haionekani kwa macho matupu. Walichokuwa wakisubiri ni izimike. Isizimike kwa saa, wala kwa dakika, bali kwa muda mfupi kuliko wa mtu kupiga chafya, kisha iwake tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Agosti nchini humo ni majira ya mvua, msimu ambao mkulima anaomba mawingu yaje na mwenye darubini anaomba yaende zake.

Kilichotarajiwa kuizima nyota hiyo ni kipande cha barafu chenye urefu wa kilomita 36 hivi, karibu sawa na upana wa kisiwa cha Unguja, kikiwa umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 6 kutoka duniani. Wakati huo kiliandikwa 2014 MU69, jina linalofaa zaidi kuchorwa ubavuni mwa kontena bandarini. Leo kinaitwa Arrokoth. Katika vitu vyote ambavyo chombo cha binadamu kimewahi kuvifikia na kuvipiga picha kwa karibu, hakuna kilicho mbali kuliko hicho. Na pengine hakuna kilichopatwa na mambo machache zaidi: tangu kilipoumbwa, miaka zaidi ya bilioni 4 iliyopita, hakijapata joto la maana, hakijayeyuka, hakijapondwapondwa. Mhadhara huu unadai kwamba thamani yake yote iko hapo. Hakimu humpenda shahidi aliyeona mengi. Anayetafuta asili ya sayari humtafuta shahidi ambaye hakuguswa na lolote.

Kwanza, kipo wapi?

Kiswahili kina majina mazuri ya sayari zinazoonekana kwa macho. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yalikuja na Kiarabu, yakakaa yakawa ya nyumbani. Mkulima naye alikuwa na Kilimia chake, lile kundi la nyota lililomkumbusha kushika jembe. Baada ya Zohali urithi huo unakwisha. Uranus ilitambuliwa kuwa sayari mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846, zote kwa darubini za Ulaya, na majina yake yakaingia Kiswahilini yakiwa bado yamevaa koti na tai. Mwaka 1930 ikafuata Pluto, aliyoiona Clyde Tombaugh, kijana wa miaka 24, mtoto wa mkulima wa Kansas, baada ya kulinganisha picha mbilimbili za anga katika kituo cha Lowell, Arizona, mpaka alipokuta kidoa kimoja kimehama.

Je, Pluto ilikuwa peke yake huko nje? Kenneth Edgeworth wa Ireland aliandika mwaka 1943 kwamba ng'ambo ya Neptune pangeweza kuwa na umati wa vitu vidogo. Gerard Kuiper, Mholanzi aliyehamia Marekani, alilijadili jambo hilohilo mwaka 1951, lakini akaona kwamba umati huo, kama uliwahi kuwapo, ulikuwa umekwisha kutawanywa. Dunia ina mizaha yake: eneo hilo leo linaitwa Ukanda wa Kuiper, kwa heshima ya mtu ambaye hakutarajia kulikuta.

Aliyelikuta kwa macho yake ni Jane Luu, pamoja na David Jewitt, Agosti 1992, wakiwa juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii. Luu alizaliwa Saigon na kuondoka Vietnam na familia yake mwaka 1975 kama mkimbizi. Yeye na Jewitt walikuwa wametafuta miaka mitano bila kupata kitu, hadi usiku ule walipoona doa hafifu likisogea polepole mno kuliko asteroidi yoyote ya kawaida. Tangu hapo idadi ya vitu vinavyojulikana ng'ambo ya Neptune imepita 3,000, na Pluto, ambayo sasa ilionekana kuwa mmoja tu wa ukoo mkubwa, ilivuliwa cheo cha sayari mwezi Agosti 2006 katika mkutano uliofanyika Prague. Uamuzi huo bado unawakera watu wazima waliokariri sayari tisa darasani na kuchapwa kwa kuisahau ya tisa.

Ukoo wenyewe una matabaka. Wengine wamesukumwa na Neptune, jirani mzito, na njia zao zimepinda na kuinama kila upande. Wengine wametulia. Njia zao ni karibu duara kamili, hazijainama sana, na zinaonekana kuwa palepale zilipokuwa tangu mwanzo. Arrokoth ni wa watulivu hawa. Kiko mbali na jua mara 44 na ushee kuliko dunia, na mzunguko wake mmoja unachukua karibu miaka 298. Mara ya mwisho kilipokuwa mahali kilipokutwa Januari 2019 ilikuwa yapata mwaka 1721. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilikuwa mikononi mwa Waomani, na Wareno walikuwa bado hawajarudi kuishika tena kwa muda mfupi mwaka 1728. Karibu yote yaliyotokea pwani kati ya siku zile na leo yametokea ndani ya mwaka mmoja wa Arrokoth.

Chombo kilichokwenda huko kinaitwa New Horizons. Kilirushwa kutoka Cape Canaveral, Florida, tarehe 19 Januari 2006, kikiwa na uzito wa kilo 478 na ukubwa unaokaribia wa piano, na ndani yake sehemu ndogo ya majivu ya Tombaugh, aliyefariki mwaka 1997. Safari yake ilikuwa ya kwenda Pluto, ambako kilipita tarehe 14 Julai 2015. Jambo la kushangaza, na ambalo watu wengi hulipita haraka, ni kwamba kiliondoka duniani kabla ya mtu yeyote kujua kwamba Arrokoth kipo. Ni kama jahazi kung'oa nanga Lamu likiwa na bandari moja kwenye hati zake, nahodha akiambiwa: ya pili tutakutafutia ukiwa baharini.

Kutafuta kwenyewe nusura kushindikane. Kwa miaka kadhaa darubini kubwa za ardhini zilipekua sehemu ya anga ambako chombo kingepita, sehemu ambayo kwa bahati mbaya imejaa nyota za kundi letu, ile Njia Nyeupe, kiasi kwamba kutafuta doa dogo humo ni sawa na kutafuta punje ya mchele kwenye mchanga wa ufukweni. Vitu vingine vya ukanda viliwahi kuonekana, lakini chombo kilikuwa na mafuta machache na hakuna kati yavyo ambacho kingefikiwa. Hatimaye darubini ya Hubble, iliyo nje ya hewa ya dunia, ikapewa kazi hiyo, na picha zake za tarehe 26 Juni 2014 zikamwonyesha mlengwa. Kilionekana kama nukta. Ukubwa wake, umbo lake, kama kilikuwa kimoja au viwili, kama kilikuwa na vumbi pembeni ambalo lingekitoboa chombo, yote hayo hayakujulikana.

Hapo ndipo habari ya nyota kuzimika inapoingia.

Wakazi wa Rujewa, wilayani Mbarali, wanaijua kanuni yake vizuri. Tarehe 1 Septemba 2016 watu kutoka pande nyingi walifunga safari hadi kwao kwa sababu jua lingepatwa, na wao walikuwa katikati ya njia. Aliyekuwa Rujewa siku hiyo aliona mwezi umeingia katikati ya jua na kuacha pete ya moto. Aliyebaki Dar es Salaam aliona jua lililomegwa tu kama chapati iliyoonjwa. Ukijua nani aliona nini, akiwa wapi na saa ngapi, unaweza kuuchora mwezi bila kuuangalia. Kitu kidogo cha mbali kikipita mbele ya nyota nacho hutupa kivuli duniani, na kwa kuwa miale ya nyota huja ikiwa sambamba, kivuli hicho kina upana uleule wa kitu chenyewe. Cha Arrokoth kingekuwa utepe wa kilomita 30 hivi, ukikatiza mabara kwa kasi kuliko risasi yoyote. Kujua utepe utapita wapi kulihitaji kuijua nafasi ya nyota kwa usahihi ambao miaka michache kabla haukuwapo. Ulitoka kwa Gaia, chombo cha Ulaya kilichokuwa kikipima nyota kwa mamilioni.

Jaribio la kwanza lilikuwa tarehe 3 Juni 2017. Darubini 25 za kubebeka zilipelekwa Afrika Kusini na Argentina, zikapangwa, zikaelekezwa, saa ikafika. Nyota haikukonyeza hata mara moja.

Tarehe 17 Julai zamu ikawa ya Comodoro Rivadavia, mji wa mafuta kusini mwa Argentina. Julai huko ni katikati ya baridi, na upepo wa Patagonia haupumziki. Darubini ikitikisika, nyota nayo hucheza kwenye picha, na kipimo cha sehemu ya sekunde huharibika. Basi wenyeji wakaingia kazini. Malori yaliegeshwa kandokando kuwa ukuta wa kukinga upepo, taa za barabarani zikazimwa, na barabara kuu ikafungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisimulike. Wanaojua taabu ya kumshawishi mwenye mamlaka afunge barabara hata kwa msiba wataelewa uzito wa jambo hili. Safari hii darubini tano ziliiona nyota ikizimika na kurudi, kila moja kwa muda wake. Kila muda ni sawa na mstari mmoja: mrefu pale kivuli kilipokuwa kipana, mfupi pale kilipokuwa chembamba. Mistari hiyo ilipopangwa pamoja, haikutoa duara wala yai. Ilionekana kana kwamba kuna vitu viwili vilivyogusana.

Senegal ilikuwa mara ya mwisho kabla ya chombo kufika, na baada ya mawingu kuchukua sehemu yao, kulibaki darubini zilizokipata kivuli. Maram Kaire, mmoja wa wanafalaki wa Senegal walioshughulikia kazi hiyo, sasa ana asteroidi yenye jina lake. Utaratibu huu wa kuwinda vivuli umeendelea kuzaa matunda Afrika: mwezi uliofuata, Septemba 2018, darubini moja nchini Namibia iliona nyota ikififia kidogo kabla ya Quaoar, mwenzake mkubwa wa Arrokoth, kuifunika, na vipimo hivyo vikasaidia kugundua kwamba Quaoar ana pete. Inapendeza kwamba elimu ya vitu vya mbali kabisa inahitaji watu wa kwenda porini na jenereta, chai ya chupa na saa iliyorekebishwa vizuri.

New Horizons ilipita karibu na Arrokoth tarehe 1 Januari 2019, saa 2:33 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, watu wengi wakiwa bado na usingizi wa mkesha. Ilipita umbali wa kilomita 3,538, kwa kasi ya zaidi ya kilomita 14 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Dar es Salaam na kufika Morogoro kabla hajamaliza kufunga mkanda. Chombo hakikuwa na njia ya kupunguza mwendo, wala ya kurudi. Kamera zilielekezwa mahali ambapo hesabu zilisema kitu kitakuwa. Hesabu zikikosea kidogo, zingepiga picha ya giza tupu.

Hakuna aliyeweza kufuatilia moja kwa moja. Mwanga, unaotoka juani hadi hapa kwa dakika 8 na ushee, ulihitaji zaidi ya saa 6 kutoka huko. Isitoshe, chombo hakiwezi kupiga picha na kuzungumza na dunia kwa wakati mmoja, kwa sababu antena imeshikana na mwili na lazima kigeuke chote. Kilifanya kazi kimya kwa saa kadhaa, ndipo kikageuza uso. Ishara kwamba kimepita salama ilifika Laurel, Maryland, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins inayokiendesha, ikiwa Afrika Mashariki ni yapata saa 12:30 jioni. Serikali ya Marekani siku hizo ilikuwa imefunga sehemu ya ofisi zake kwa mvutano wa bajeti, lakini barafu ya kilomita bilioni 6 haina likizo. Katika umati uliokusanyika Laurel alikuwapo Brian May, daktari wa falaki na mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo na baadaye akasaidia kutengeneza picha za kutazamwa kwa macho mawili ili kina kionekane.

Picha zilikuja kwa mwendo wa konokono. Umeme wote wa chombo, unaotokana na joto la plutoniamu, ulikuwa chini ya wati 200, usiotosha kuchemsha birika la chai. Data zilisafiri kwa biti 1,000 hivi kwa sekunde. Picha moja ya kawaida, ya zile ambazo kila siku hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ingechukua karibu nusu saa. Shehena nzima ilikadiriwa kuhitaji miezi 20.

Ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Ya pili, iliyotolewa tarehe 2 Januari, ilionyesha kaimati mbili. Ndivyo hasa zilivyoonekana: duara moja kubwa, jingine dogo, zimeshikana kana kwamba shira imezigandisha sahanini, na shingoni zinapokutana pana mkanda mweupe kuliko kwingine. Rangi yake ni hudhurungi nyekundu, karibu na ya udongo wa Kisarawe baada ya mvua, ila yenye kiza zaidi. Kwenye kaimati ndogo kuna shimo moja kubwa la kilomita 7 hivi. Mengine ni machache na madogo. Mwezi wetu una mashimo yasiyohesabika kwa sababu umepigwa mawe tangu zamani. Arrokoth ni mtu aliyeishi uzee wake wote mtaani bila kugombana.

Vipimo vya mwanga uliorudishwa na uso wake vilionyesha barafu ya methanoli. Ni methanoli ileile ambayo ikichanganywa kwenye gongo au chang'aa hupofusha na kuua. Huko haimdhuru mtu. Imeganda ngumu katika baridi ya zaidi ya nyuzi 200 chini ya sifuri, ambako mwanga wa jua una nguvu moja kwa karibu 1,900 ya ile unayopata hapa. Miale kutoka angani imekuwa ikiipiga kwa mabilioni ya miaka, ikivunja na kuunganisha upya chembe za kaboni mpaka zikawa utomvu mwekundu. Wekundu huo, kwa maneno mengine, ni wa kuungua polepole mahali pasipo na moto.

Anayetaka kuelewa maana ya kutopata joto aende Mbozi, mkoani Songwe. Kile kimondo kilicho kwenye mteremko wa kilima cha Marengi kina urefu wa mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 10, karibu chote chuma, na kiasi cha nikeli. Ukikigusa mchana kimeota jua. Ngozi yake imebonyeabonyea kana kwamba mtu alikibonyeza kwa vidole kikiwa tope. Watoto wanaopelekwa na shule hukipanda kupiga picha. Chuma cha aina hiyo kina maisha marefu ya misukosuko: kiliyeyuka ndani ya asteroidi changa, kikazama kitovuni, kikapoa kwa muda mrefu sana, kisha mgongano ukapasua kila kitu na vipande vikatupwa ovyo hadi kimoja kikaangukia Unyiha. Kimondo kinasimulia yale ya katikati na ya mwisho. Mwanzo wake, yaani jinsi punje za kwanza zilivyokutana, ulifutwa na lile yeyuko. Arrokoth hakikuwahi kuyeyuka. Kilikuwa kidogo mno, chepesi mno, na mbali mno, na punje zake bado ziko zilivyojikusanya.

Habari ya jina la Arrokoth iliwaletea watafiti fedheha kidogo. Kabla chombo hakijafika, kulitumiwa jina la utani Ultima Thule, neno la kale la Ulaya lenye maana ya mahali palipo nje ya dunia inayojulikana. Kisha ikasemwa wazi kwamba Thule lilikuwa pia neno la kikundi cha Kijerumani ambacho itikadi zake ziliwalea Wanazi. Novemba 2019 likatangazwa jina rasmi, Arrokoth, lenye maana ya anga katika lugha ya Wapowhatan, watu wa asili wa eneo la ghuba ya Chesapeake, ambako ndiko iliko maabara ya Laurel na pia taasisi inayosimamia kazi za Hubble. Wazee wa kabila la Pamunkey waliombwa ridhaa, wakaitoa. Baadaye sehemu za uso wake zilianza kupewa neno "anga" katika lugha nyingine: mkanda wa shingoni unaitwa Akasa. Kiswahili nacho kina mbingu, anga na uwingu, likija kuhitajika jingine.

Lakini kaimati zilikuwa kosa.

Dakika kama 10 baada ya kupita, chombo kikiwa tayari kinaondoka, kamera iligeuzwa kutazama nyuma. Jua sasa lilikuwa ng'ambo, na Arrokoth kilionekana kama hilali, ukingo mwembamba wa nuru. Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kupanda juu ya dari kutazama mwandamo wa mwezi anajua kwamba mwezi wote upo palepale, ila umejificha gizani. Ukubwa wa sehemu iliyofichika utaujuaje? Kwa nyota. Picha zile zilikuwa na nyota nyingi nyuma yake, na watafiti wakatazama moja baada ya nyingine: ipi imepotea, ipi bado inaonekana. Ilikuwa kazi ileile ya Patagonia na Senegal, ila safari hii darubini moja na nyota nyingi, badala ya nyota moja na darubini nyingi.

Nyota kadhaa ambazo zingepaswa kufichwa na tufe la mviringo zilikuwa zinang'aa. Hapakuwa na tufe. Kipande kikubwa kina upana wa kilomita 20 na unene wa 9 tu; kidogo kina kilomita 15 kwa unene wa 10. Kutoka mbele vilifanana na kaimati kwa sababu mtazamaji alikuwa akivitazama kwa juu. Kwa ubavu ni vitumbua. Na si vitumbua vilivyorundikwa kimoja juu ya kingine. Vimegusana ukingo kwa ukingo, vikiwa vimelala karibu usawa mmoja, kama vile viwili ambavyo uji wake ulifurika kidogo kwenye chuma cha kukaangia na kuvuka kutoka shimo moja hadi jingine. Tofauti ya mlalo wake haizidi nyuzi chache.

Hilo ndilo lililotikisa ubishi wa miaka mingi. Kulikuwa na waliosema sayari zilianza kwa migongano: mawe yakapiga mawe, mengine yakavunjika, mengine yakashikana, mpaka yakawa makubwa. Wengine wakasema hapana. Katika wingu la gesi lililolizunguka jua changa, changarawe zilijikusanya zenyewe kwa makundi, kama waendesha baiskeli wanaofuatana kwa karibu kukwepa upepo wa mbele, na kundi likishakuwa zito lilijiporomokea kwa uzito wake na kuzaa kitu kizima kwa muda mfupi. Vitu vya ukanda vilivyotulia mara nyingi huwa viwiliviwili, vinazungukana, jambo ambalo hesabu za kambi ya pili hulitabiri.

Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Science mwezi Februari 2020 ulijaribu kukokotoa vitumbua hivi vingeweza kukutana kwa kasi gani. Kwa mwendo wa gari la mjini, shingo ingepondeka na nyufa zingesambaa. Shingo ni nzima. Mlalo ungeharibika. Haukuharibika. Kasi iliyobaki ni mita chache kwa sekunde au chini ya hapo, mwendo wa mtu anayetembea kwenda dukani. Vilizaliwa katika wingu moja, vikazungukana kwa muda, vikapoteza mwendo kidogo kidogo mpaka vikaelekeana upande mmoja kila siku, kisha vikasogeleana kama jahazi linavyojiweka gatini tanga likiwa limeshushwa na vijana wameshika kamba. Tangu hapo vinazunguka pamoja, mzunguko mmoja kila saa 16 kasoro.

Kambi ya migongano haijafungasha virago kabisa, maana kitu kimoja hakimalizi kesi ya maelfu. Mwaka 2023 Alan Stern, kiongozi wa New Horizons, na wenzake walichapisha uchunguzi wa uso wa kitumbua kikubwa, wakabainisha vilima 12 vinavyofanana kwa ukubwa, rangi na mng'ao, kila kimoja kikiwa na kilomita 5 hivi, vimejipanga kama mafungu ya nyanya gengeni. Wanadhani hivyo ndivyo vipande vilivyokusanyika kukiunda. Kama ni kweli, basi kabla ya vitumbua viwili kukutana kulikuwa na mikutano mingine midogo, ya upole vilevile, na kila aliyefika alikuwa na kipimo cha mwenzake. Ni nini kilichokata vipande vyote hivyo kwa kilomita 5, si 2 wala 10, ndilo swali ambalo wakokotoaji wa nadharia ya changarawe sasa wanaletewa mezani.